Jinsi ya kusikiliza albamu ya piano na wagosi bila kuvunja kijiwe

Wagosi, kama kijiwe chenu kimegawanyika kuhusu Keane, ile bendi ya piano ya Uingereza, hasa ile albamu ya pili Under the Iron Sea ya 2006, wengine wanaipenda, wengine wanasema wameharibu wameleta gitaa, isikilizeni pamoja siku moja kwa utaratibu, maana nusu ya ubishi unakuta mmoja kasikia nyimbo mbili kwenye simu, mwingine kaisikia yote, halafu wanapigiana kelele.

Kwanza vyombo. Sabufa sawa ila besi ishushwe kabisa, hizi sabufa zetu zimezoea singeli na ukiiacha besi juu piano inazama husikii kitu, halafu unasema albamu mbovu kumbe spika. Nyimbo zishusheni mapema kabla bando halijaisha. Na msikae barazani jioni barabara za Ngamiani bodaboda zikipita, subirini baada ya isha kahawa ikishaiva.

Anzeni na albamu ya kwanza, Hopes and Fears ya 2004, wimbo wa kwanza tu unatosha, Somewhere Only We Know. Waambie watu wasahau muimbaji kwa dakika moja wafuate piano inavyogonga mfululizo, ile ni kazi ya gitaa la ridhimu kabisa. Hawa jamaa wa Uingereza walikuwa na mpiga gitaa, akaondoka 2001, wakaamua kutotafuta mwingine, Tim Rice-Oxley akajaza lile pengo kwa piano, na mara nyingi ni Yamaha CP-70, piano ya umeme ila ndani ina nyuzi na nyundo za kweli, ndio maana mlio wake uko mkali kidogo. Hili lielezeni vizuri kwa wakubwa hapo kijiweni, maana Tanga tumelelewa na gitaa, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz ni bendi za hapa hapa, hata taarab ya Black Star ilikuwa na gitaa, kwa hiyo sikio la mzee linalitafuta solo halilioni, anakwambia muziki haujakamilika. Mi naona ana haki yake, msimcheke.

Sasa nenda albamu ya pili. Usichanganye nyimbo, anza na Atlantic, inapanda polepole, kuna watu watalalamika hapo, waache walalamike. Ikiingia Is It Any Wonder? simamisha baada ya ule mwanzo uliza kila mtu, chombo gani hicho? Wekeaneni dau la kahawa na kashata. Wengi watakula kiapo ni gitaa, na wale wa "wameharibu, wameleta gitaa" ndio watapiga kelele zaidi. Kumbe ni piano imepitishwa kwenye pedali za gitaa mpaka sauti ikapasuka! Ila aliyeliwa dau asilazimishwe kuipenda, kujua chombo ni kitu kingine na kukipenda ni kingine.

Mkimaliza weka sheria moja tu, hakuna kusema "mbovu" au "kali" bila kutaja wimbo na sehemu, iwe beti, kiitikio, au pale ngoma inapoingia. Utaona kambi zinavunjika zenyewe, kuna anayesema anachukia albamu kumbe kinachomkera ni sauti ya muimbaji wao Tom Chaplin kupanda juu kila kiitikio, kuna mwingine anaipenda sababu ya huzuni yake, na huzuni ipo kweli, waliirekodi wenyewe kwa wenyewe hawaelewani. Kizungu kikiwa shida mmoja aeleze maana kabla wimbo haujaanza, sio katikati, jamani katikati inaudhi.

Mimi kura yangu: nusu ya kwanza nzuri kuliko albamu nzima ya 2004, nusu ya pili nyimbo za polepole zinafuatana mno nachoka. Kuna mshikaji wangu wa Makorora anasema kinyume kabisa, na kwa kuwa alitaja nyimbo moja moja sikuwa na la kumjibu.

Perfect Symmetry ya 2008 msiiweke usiku huo huo, ile ina sinthi, yaani kinanda cha umeme, na gitaa la kweli limo, hapo mtaanza ubishi upya na kahawa imeshaisha.