Jinsi ya kuandika safari ya kazi iliyokukuta kwenye mapinduzi (mi yangu ilikuwa Cairo 2011)

Kama uliwahi kutumwa kikazi nje ukakuta nchi ya watu imechafuka basi unayo stori, na stori hiyo kila ukiisimulia inanenepa. Mi nilikuwa Cairo Januari 2011, nimeenda kufunga mashine za kubandika lebo kiwandani, na miaka ilipopita nikakaa kuandika ndo nikagundua sehemu kubwa ya ninayosimulia nimeyatoa kwenye tivii. Njia niliyotumia kuchambua ni hii.

Kwanza kabisa andika kabla hujagusa kitu. Usifungue picha, usigugo, chukua karatasi mwaga kila kinachokuja hata kama kiko shaghalabaghala. Kwangu kilichotoka cha kwanza wala sio maandamano, ni mhudumu wa hoteli anapita koridoni na ndoo ya siki, anachovya taulo, anaikamua, anaiziba chini ya mlango mmoja mmoja ili moshi wa mabomu ya machozi usiingie, na kila mlango anasema maalesh maalesh (samahani kwa kiarabu chao), kama vile yeye ndo kalirusha bomu. Ningeanza na video za Tahrir, ule uwanja wa katikati ya jiji walikojaa waandamanaji, hiyo ndoo isingetoka kamwe.

Alafu sasa ndo fukunyua. Muhuri wa pasipoti, risiti, tiketi, imeili za kazini. Na angalia pia pale pasipo na kitu! Kwenye imeili zangu kuna shimo, usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 28 Januari serikali ilizima intaneti karibu nchi nzima na ikarudi Jumatano tarehe 2 Februari, hapo katikati hamna hata imeili moja. Nilikuwa naapa kwamba tarehe 30 bosi aliniandikia anauliza mashine ya tatu imefikia wapi, kumbe haiwezekani, alipiga simu ya mezani ya hoteli (swali lilikuwa hilohilo lakini, watu wanachoma magari yeye anataka ripoti).

Hapo tayari una misumari ya kutundikia mambo yako. Mi nilichukua michache tu: 25 Januari maandamano yanaanza, 28 polisi wanazidiwa na jeshi linaingia mtaani, 2 Februari wafuasi wa rais Mubarak wanavamia Tahrir wakiwa juu ya farasi na ngamia, 11 Februari Mubarak mwenyewe anaachia ngazi. Kila kumbukumbu jiulize ilikuwa kabla au baada ya msumari gani, usijitese na tarehe kamili.

Sasa hapa kwenye SAA ndo wengi tunaumia, sisi waswahili hasa. Kwenye daftari langu la kazi la tarehe 28 nimeandika "saa 6 mwisho kutoka nje", na miaka yote nilikuwa nasimulia kwamba siku ya kwanza walitufungia kuanzia mchana kweupe. Si kweli bana. Amri ya kutotoka nje siku hiyo ilianza saa kumi na mbili jioni mpaka saa moja asubuhi, mi niliandika nilivyoisikia kwa kizungu nikaja kuisoma kiswahili. Kwaiyo kila saa uliyoiandika ukiwa ugenini ipime mara mbili, jua lilikuwa wapi, taa zilikuwa zimewashwa?

Baada ya hapo weka alama tatu pembeni ya kila sentensi: niliona, niliambiwa, niliona kwenye tivii. Itakuuma. Nilikuwa na stori tamu sana ya kuangalia dirishani makao makuu ya chama tawala yakiwaka pale jirani na Makumbusho ya Misri, nikaja kukuta picha niliyopiga chumbani, dirisha linatazama ukuta wa jengo la nyuma. Nimeifuta? Hapana, nimeandika niliiona kwenye skrini huku moto wenyewe ukiwa karibu kiasi cha kunusa, na imekuwa nzuri kuliko ile ya uongo.

Majina ya wenyeji badilisha, hata waliokuwa wanajitapa kwa furaha mwaka ule. Mwaka 2013 jeshi lilimwondoa Morsi, rais aliyechaguliwa baada ya Mubarak, na upepo ukageuka, dereva aliyekwambia kwa fahari kwamba alilala Tahrir leo hujui anaishije.

Mwisho mtafute mliyekuwa naye, ila usimuulize "unakumbuka ile ndoo?" maana atasema ndio. Muulize tu usiku ule ulikuwaje alafu nyamaza. Wangu aliongea karibu saa nzima, ndoo hakuitaja hata kidogo, anachokumbuka ni vijana wa mtaa waliokuwa wanalinda kizuizi na visu vya jikoni na fimbo za fagio, wakatukagua pasipoti wakaishika juu chini. Mi hilo la pasipoti silikumbuki kabisa. Nimeliandika kwa jina lake, ndoo nimeiandika kwa langu.