Kupiga picha za nyeusi na nyeupe kwenye jua la Dodoma

Soko la Majengo asubuhi moja nilipiga meza ya nyanya zilizopangwa mafungu, ubavuni mwake hoho za kijani. Kwa rangi ilikuwa picha moto. Nilipoigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, nyanya na hoho zikawa kijivu kilekile. Usingejua kipi kinaishia wapi. Nyekundu na kijani zilikuwa zinarudisha mwanga sawasawa. Ndiyo maana ninaowafundisha ninawaanzisha na mwanga, rangi baadaye kabisa.

1. Tayarisha kamera. Hifadhi picha kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, halafu weka kioo cha kamera kionyeshe nyeusi na nyeupe. Utaona kijivu unapopiga, lakini rangi zote zinabaki ndani ya faili na utazihitaji. Wa simu, piga kwa rangi kama kawaida.

2. Finya macho. Kabla hujabonyeza, finya macho mpaka uone kwa shida. Yatabaki mabaka ya giza na mabaka ya nuru. Kama yamechanganyikana yote, sogea hatua mbili pembeni, utafute mandhari ya nyuma yenye giza au weupe zaidi.

3. Chagua saa. Kiangazi hapa anga ni tupu na jua la saa sita linamwangukia mtu utosini: macho yanazama kwenye vivuli, pua inang'aa. Nyuso nazipiga kabla ya saa mbili asubuhi au kuanzia saa kumi na moja jioni.

Zoezi langu kuu ni mbuyu. Mwezi wa nane umeshapukutisha majani, na jua la jioni likiupiga ubavuni, gamba lote linaamka: mikunjo kama ngozi ya goti la tembo, makovu ya mahali watu walipobandua gamba kusokota kamba, vishimo vidogo vilivyojaa kivuli. Sogea hadi fremu ijae gamba tupu. Mbuyu huohuo saa saba mchana ni ukuta bapa. Mchana waachie majabali, maana yanapenda vivuli vikali.

4. Isahihishe mita. Hapa ndipo wengi wanaharibu picha za watu wetu. Mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, inadhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha kati. Ngozi nyeusi ikijaza fremu, kamera inaongeza mwanga, na uso unatoka umepauka kama uliopakwa majivu. Shusha mwangaza hadi -0.7 au -1 kwenye kipimo cha +/- cha kamera. Kwa mzee mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe ni kinyume: pandisha +1, la sivyo kanzu itaonekana chafu. Na umwamkie kwanza, umwombe ruhusa. Ukijua kusema "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, mabega yake yanashuka, na hilo linaonekana kwenye picha.

5. Geuza kwa mkono. Usiridhike na kitufe kimoja. Kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, nenda sehemu ya kuchanganya rangi za nyeusi na nyeupe. Shusha buluu, anga inakuwa nzito. Pandisha nyekundu na chungwa kidogo, udongo wetu mwekundu unang'aa chini ya anga ile. Wapigaji wa filamu walipata matokeo hayo kwa kufunga filta nyekundu mbele ya lenzi. Snapseed nayo, programu ya kuhariri kwenye simu, kwenye zana yake ya nyeusi na nyeupe, ina filta za rangi za kuchagua.

Lakini chungwa ndiyo ngozi. Ukiipandisha mno umemfuta mtu weusi wake, na mimi picha ya namna hiyo siipokei kwa mwanafunzi. Buluu nayo ikizidi kushushwa, anga inajaa chembechembe na matawi ya mbuyu yanazungukwa na mstari mweupe. Kuza picha ukague ukingo wa matawi. Ukiuona mstari huo, rudisha buluu juu taratibu mpaka upotee.

6. Chapisha moja. Ipeleke studio, itoke kwenye karatasi, uitazame dirishani. Kioo cha simu kinang'aa chenyewe na kinaficha makosa. Nywele zikiwa doa jeusi lisilo na unywele hata mmoja, rudi kwenye faili ufungue vivuli, yaani uviongezee mwanga, uchapishe tena.