Mwalimu mkuu, usisubiri Juni: ninavyokaa na walimu wangu kwenye tathmini ya mwaka

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu mkuu nilisaini fomu 11 za OPRAS, zile za kumpima mtumishi wa serikali kwa mwaka, mchana mmoja. Ilikuwa mwisho wa Juni, fomu zinatakiwa kata kesho yake asubuhi, na walimu wamepanga foleni mlangoni kama wanaosubiri kugawiwa chandarua. Watatu walikuwa na lengo lile lile, neno kwa neno, hadi kosa la tahajia: "kuinua kiwango cha taluma". Nikasaini tu.

Siku hizi karatasi hazipo. Tangu mwaka wa fedha 2023/24 tumehamia PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi, tunajaza kwa simu huku tukisaka mtandao chini ya mnazi. Ugonjwa wa kunakili nao tulihama nao. Basi nieleze ninavyofanya katika shule yangu ya msingi huku Tanga, mwenye kufaidika achukue.

Anza na kalenda, maana ndiyo inayotuvuruga. Tathmini ya serikali inakwenda Julai hadi Juni, darasa linakwenda Januari hadi Desemba. Mwalimu wa Darasa la Pili akiandika lengo Julai, ikifika Juni watoto wale wako la Tatu na yeye anashika wengine kabisa. Anapimwa kwa watoto gani? Kwa hiyo lengo la Julai tunaliandika la kufikia Desemba shule zikifungwa. Mapitio ya nusu mwaka, ambayo wengi wanayapita kama daladala inavyopita kituo kisicho na abiria, kwangu ndiyo kikao kikubwa. Shule zikifunguliwa Januari nampa mwalimu wiki mbili awasomeshe watoto mmoja mmoja ajue nani yuko wapi, ndipo tunaandika upya.

Lengo la ufundishaji liwe moja. "Kuboresha ufundishaji" silipokei. Nauliza, "Nikiingia darasani kwako Machi, utanionyesha nini?" Akijibu kwamba watoto 18 wanakwama kwenye silabi kama mba, nyu na ngwe, na anataka wabaki chini ya 5, hapo tumeanza kazi.

Halafu nunua kaunta buku. Kila mwalimu ana kurasa zake humo, na ruhusa ya kuzisoma wakati wowote. Naingia darasani kila muhula, dakika 20, kwa taarifa. Kuvizia ni kazi ya paka. Siombi andalio la somo kwanza, nimeshaona maandalio mazuri ya somo lililokufa. Nachora madawati. Kila mtoto anayeulizwa swali, naweka nukta kwenye dawati lake.

Binti mmoja anayefundisha Hisabati Darasa la Nne aliuliza maswali 31 siku hiyo. Nukta 26 ziliangukia safu mbili za mbele na kona ya dirishani. Sikusema neno, nilimpa karatasi. Akaigeuza, akaitazama tena. "Kumbe huku nyuma sijafika kabisa, madam." Wiki iliyofuata nikakuta ameandika majina yote kwenye vijiti, ameviweka kwenye kopo la maziwa ya unga, anachomoa kimoja kila akiuliza. Juni ilipofika hatukuwa na la kubishania: mchoro wa Februari upande huu, wa Mei upande huu.

Kikao chenyewe usikifanyie ofisini. Simu italia, mzazi atabisha hodi, mtoto atakuja kuomba chaki. Tunakaa darasani kwake watoto wakishaondoka, kwenye dawati moja, siku ambayo hana zamu. Yeye anaanza kusema. Alama sizitaji mpaka mwisho. Na kama ana tatizo la kuchelewa, hilo lina siku yake. Ukichanganya, atakachoondoka nacho ni kuchelewa peke yake.

Mgumu kuliko wote ni mkubwa wako. Nina mwalimu aliyeshika chaki mimi nikiwa Darasa la Nne. Yeye simwiti, namfuata. Shikamoo, habari za shamba, habari za mguu unaomsumbua, kisha: "Mzee, vijana wanashindwa kufundisha sehemu. Naomba nikae kwako nione unavyofanya." Wala si ujanja. Anakata chungwa mbele ya darasa, robo, nusu, robo tatu, na msimu wa machungwa hakuna mtoto anayesinzia. Kilichonikera kwake ni madaftari: wiki tatu bila kusahihishwa, na mwaka uliotangulia nilikuwa nimemwandikia kwenye fomu "aongeze bidii". Safari hii, baada ya machungwa, nikamuuliza kuhusu madaftari tufanyeje. Akanyamaza. Ukimya wa mkubwa usiuvunje, hata ukikuchoma. Baadaye akasema, "Macho, mwanangu. Usiku sioni kitu."

Alikuwa anabeba madaftari 70 nyumbani kila jioni na kuyarudisha kama yalivyo. Mpango wake wa kujiendeleza mwaka ule ukawa kwenda kupima macho, pamoja na vipindi viwili vya asubuhi nilivyovihamisha ili asahihishe mchana. Kwenye mfumo niliandika kwa lugha ya mfumo. Kwenye kaunta buku niliandika: miwani.

Yanayojitokeza kwa walimu wawili watatu nampelekea mwalimu wa taaluma, yanakuwa mada kwenye jumuiya yetu ya ujifunzaji ya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini. Vijiti vya binti yule vilifundishwa hapo, na aliyevifundisha ni yeye. Mzee naye alileta machungwa, yakaliwa yote kabla somo halijaisha.

Jambo moja walimu wakuu wenzangu hawalipendi: kila kikao nauliza mwalimu anataka nini kutoka kwangu, na jibu naliandika kwenye ukurasa wa mwisho wa kaunta buku. Karatasi za manila, kubadilishiwa zamu, dawati lililovunjika. Julai mwaka jana nilikuwa nimeahidi mambo 6. Juni nikampa mwalimu wa taaluma asome mbele ya wote. Yalitimia 4, na dawati bado limeegemea ukuta.