Mbao nyingi zinapotea hata kabla hazijafika kwenye randa

Mafundi wengi wakisikia habari za kutunza misitu wanajua wanaambiwa wapande miti. Panda, ni jambo zuri, ila kuna miti mingi tu inaishia bure humuhumu karakana, ubao unakatwa kabla haujapimwa, mwingine unarandwa mbichi unapinda, kabati linapasuka ndani ya mwaka mmoja linageuka kuni. Hapo ndo pa kuanzia.

Kabla hujanunua hata ubao mmoja, chora unachotaka kutengeneza halafu andika orodha ya vipande vyote: urefu, upana, unene, na kama kipande kitaonekana au kitajificha. Hilo la mwisho watu wanaliruka sana. Mgongo wa kabati na pande za droo havidai mbao safi isiyo na fundo, zile zenye mafundo na rangi mbilimbili zinafaa kabisa huko ndani, we ile nzuri itunze kwa ajili ya milango na uso wa meza. Orodha ikikamilika chukua chaki uichore juu ya mbao zenyewe, vipande virefu kwanza halafu vifupi vijaze nafasi zinazobaki. Ukianza na vifupi utabaki na mbao tano na hakuna hata moja inayotosha ubavu wa kitanda. Na msumeno nao una sehemu yake, msumeno wa mashine unakula kama milimita 3 kila ukipita, kwahiyo mikato 10 ni sentimita 3 zimekuwa unga, zihesabu mapema.

Kuna hili nalo mimi nilichelewa kulijua: ubao mrefu uliopinda usiurande mzima. Ukate kwanza vipande unavyohitaji, uache sentimita 2 au 3 za ziada kila kimoja, ndo urande. Yaani ubao wa mita 3 uliojikunja milimita 12 hapo katikati, ukiukata mara tatu sawasawa kila kipande kinabaki na mpindo wa milimita moja na kidogo tu. Unaondoa kidogo, unene unabaki, na ubao ambao ungeona haufai unakupa kazi nzuri.

Sasa kukausha, na hapa naomba usiwe na haraka kabisa. Mbao inaanza kusinyaa unyevu wake ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, na fanicha ya kukaa ndani ya nyumba inataka mbao ya kati ya asilimia 8 na 12, ingawa maeneo yenye unyevunyevu mwingi inakuwa juu kidogo ya hapo. Kama huna mita ya unyevu tumia mzani: kata kipande kidogo katikati ya ubao, sio nchani maana ncha inakauka upesi inakudanganya, kipime, kiweke kwenye oveni ya nyuzi joto 103 mpaka uzito uache kushuka, pima tena. Kilichopungua gawanya kwa uzito mkavu. Kilikuwa gramu 115 kimekuwa 100, basi ubao wako una asilimia 15, bado usubiri.

Kuzipanga ni hivi: juu ya matofali mbali na ardhi, chini ya paa, upepo upite. Kati ya ubao na ubao weka vijiti vikavu vya unene sawa, kila baada ya sentimita 40 hadi 60, na vijiti vya juu vilale sawasawa juu ya vile vya chini, mstari mmoja, kimoja kikienda pembeni ubao utapindia hapohapo. Paka rangi au nta kwenye ncha ili zisipasuke, weka uzito juu. Kwa mbao ngumu mafundi wanahesabu kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, mbao laini zinawahi zaidi. Ni muda mrefu najua, ndo maana inabidi uwe na akiba inayokauka wakati unafanya kazi nyingine.

Hata ikikauka mbao haiachi kucheza. Inatanuka na kusinyaa kwenye upana, kwenye urefu karibu hakuna kitu. Uso wa meza wenye sentimita 90 unaweza kucheza karibu sentimita nzima kati ya msimu wa mvua na kiangazi, sasa ukiubana kwa gundi na misumari pande zote lazima upasuke. Ushike kwa skrubu kwenye matundu marefu ili upate pa kwenda. Ubao wa katikati ya mlango wa fremu usiutie gundi, uache uelee kwenye mfereji wake. Maungio tumia ulimi na tundu, yaani ncha ya kipande kimoja inachongwa ulimi unaoingia kwenye tundu la kingine, ulimi uwe kama theluthi ya unene wa mbao, kiti cha hivyo kikilegea unakifungua unakitia gundi upya, cha misumari kikilegea kinakuwa kimeshajichana.

Vipande vinavyobaki usivitupe kwenye rundo moja, vipange kwa urefu, vya kuanzia sentimita 20 vinatoa vishikizo, miguu midogo, pande za droo. Maranda safi wape wafugaji, ila ya mbao zenye dawa au rangi hapana, na hizo usizichome jikoni, dawa nyingine zina aseniki. Paleti za mizigo nazo ni mbao, angalia mhuri tu: HT ni zilizotibiwa kwa joto, MB ni zilizotibiwa kwa gesi ya sumu, hizo ziache.

Kwenye kununua, uliza mbao imetoka wapi na uone karatasi zake. Jamii yote ya mpingo iko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, na mwaka 2022 ikaamuliwa mninga na mkongo wa Afrika waingie pia, kwahiyo kuzivusha mpaka bila kibali ni kosa. Na kusema kweli kazi nyingi hazizihitaji. Mti wa mpira unagemwa utomvu miaka 25 hadi 30 halafu unakatwa tu upandwe mwingine, mbao yake inakubali randa vizuri. Mwembe uliozeeka ukaanguka nao ni mbao nzuri, ila upasue mapema, paka ncha siku hiyohiyo, anza kukausha, maana gogo lake likilala chini wiki chache ukungu na bungua wanakuwa wameshaingia.