Somo: Kusoma kipimo cha Mantoux. Pima ugumu, achana na wekundu

Wiki haipiti bila mtu kurusha picha ya mkono mwekundu na swali, "Hii ni chanya?" Mantoux ni kipimo cha ngozi cha maambukizi ya kifua kikuu (TB), na hakisomwi kwa picha. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena mwelekezeni hapa. Somo ni la wahudumu wa afya na walio mafunzoni. Kama hujafundishwa kuchoma ndani ya ngozi, soma uelewe, lakini usimchome mtu.

Kwanza ujue unapima nini. Tuberkulini (PPD) ni protini zilizosafishwa kutoka kwa bakteria wa kifua kikuu waliokwisha kuuawa. Haimwambukizi mtu. Unachopima ni kumbukumbu ya kinga ya mwili, wala si bakteria. Bakteria huyu akiingia mapafuni humezwa na makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, lakini ana ujanja: huzuia kifuko alimomezwa kisiungane na lisosomu zenye vimeng'enya vya kumsaga, akaendelea kuishi mlemle ndani ya askari aliyetumwa kumuua. Hapo seli T, seli nyingine za kinga, huingia kazini. Hutambua protini zake na kutoa interferoni gama inayozichochea makrofaji, kisha zote humzingira na kujenga granuloma, yaani kivimbe cha seli kinachomfungia ndani. Baadhi ya seli T hizo hubaki mwilini na kumbukumbu. Sindano yako inaziita. Zinahitaji siku moja hadi tatu kutoka kwenye damu, kukusanyika ngozini na kuita makrofaji, ndiyo maana husomi siku hiyohiyo. Aliyeambukizwa karibuni naye huchukua wiki 2 hadi 8 kabla kumbukumbu hiyo haijaonekana kwenye kipimo.

1. Kagua kichupa: nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, mbali na mwanga. Kikifunguliwa, andika tarehe. Baada ya siku 30 tupa.

2. Muulize kama kipimo hiki kiliwahi kumtoa malengelenge makubwa au kidonda. Kama ndiyo, usirudie. Uliza pia VVU, dawa za steroidi, na chanjo ya surua ya karibuni.

3. Vuta mililita 0.1, yaani uniti 5 za PPD-S au uniti 2 za RT23 (aina mbili za tuberkulini), kwa bomba la mililita 1 na sindano ya geji 27. Vuta, choma. Usijaze mabomba asubuhi ukayapanga: tuberkulini hunata kwenye kuta za bomba, na dozi inapungua bila wewe kuona.

4. Safisha ngozi, iache ikauke.

5. Choma sehemu ya ndani ya mkono, chini ya kiwiko, mdomo wa sindano ukitazama juu, kwa pembe ya nyuzi 5 hadi 15. Lazima kitokee kivimbe cheupe cha mm 6 hadi 10. Kisipotokea umepitiliza chini ya ngozi. Rudia bila kusubiri, angalau sm 5 kutoka pa kwanza, au mkono wa pili.

6. Usisugue, usibandike plasta. Mwambie asikune.

7. Soma kati ya saa 48 na 72. Hapa ndipo kipimo kinapoharibika. Wekundu ni mishipa midogo ya damu iliyotanuka. Hata mchubuko wa sindano huuleta. Ugumu ni chembe zenyewe zimejaa ngozini pamoja na faibrini, na huo ndio jibu la seli T. Kunja kiwiko kidogo, pitisha ncha ya kidole kutoka nje kuelekea katikati hadi uguse ukingo. Ukiwa na shaka chukua kalamu ya wino: anza sm 1 au 2 nje ya uvimbe, isogeze polepole kuelekea katikati, itakapokwama acha alama. Fanya hivyo upande wa pili, kisha weka rula ikikatisha mkono, si kwa kufuata urefu wake. Usipime pande zote mbili ukatafuta wastani. Wekundu wa mm 30 usio na ugumu ni mm 0, na uandike "mm 0", si "hasi". Tena, usivute 9 ikawa 10 au 14 ikawa 15. Mkono wa msomaji hupenda namba hizo, na hizo ndizo mipaka yenyewe.

8. Tafsiri kulingana na mtu. Mm 5 zinatosha kwa anayeishi na VVU, aliyekaa karibu na mgonjwa wa TB, aliyepandikizwa kiungo, au anayetumia prednisoloni mg 15 kwa siku kwa mwezi au zaidi. Mm 10 kwa watoto wadogo, wafanyakazi wa maabara za TB na wanaotoka maeneo yenye TB nyingi. Mm 15 kwa asiye na hatari yoyote. Mwongozo wa nchi yako ukitofautiana na huu, fuata huo. Na chanya maana yake ameambukizwa. Kama anaumwa utajua kwa dalili, eksirei na makohozi.

MASWALI

Zamu_ya_Usiku: Mkuu, saa 20 zimepita, mkono mwekundu balaa. Chanya?

Mwandishi: Hatua ya 7. Saa 20 si saa 48, na wekundu si ugumu.

Mkazo: Kwa kifupi basi, ni mm ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 8. Hakuna kifupi chake.

Fundi_Damu: Sisi tunapima wekundu miaka yote na hakuna aliyelalamika.

Mwandishi: Aliyemezeshwa dawa kwa miezi bila sababu atajuaje kwamba ana la kulalamikia?

Dada_Nesi: Shikamoo mwalimu. Mteja amerudi siku ya tano. Nisome au nimfukuze?

Mwandishi: Marahaba. Msome. Ugumu ukifikia mpaka wake, hesabu ni chanya. Ukikuta chini ya hapo usiuandike kama jibu, maana huenda ulikuwepo ukanywea. Rudia kipimo.

Mdadisi: Mgonjwa makohozi yana bakteria kabisa, Mantoux mm 0. Inawezekanaje?

Mwandishi: Swali zuri. Kipimo kinategemea seli T, na zisipoitika ngozi inanyamaza. VVU hupunguza CD4, aina ya seli T, na CD4 ndizo zinazopaswa kuja hapo. Steroidi, utapiamlo na surua hufanya vivyo hivyo. TB kali yenyewe pia, hasa iliyosambaa mwilini, huweza kuizimisha ngozi, kwa sababu kinga imeelemewa. Kwa hiyo mm 0 haiondoi TB hata siku moja. Chanjo hai ya surua nayo huidhoofisha kinga hiyo kwa muda: ipeni siku ileile ya Mantoux, au subirini wiki 4 ndipo mpime.

Mdadisi: Na aliyechanjwa BCG utotoni?

Mwandishi: PPD ni mchanganyiko wa protini, na nyingi zimo pia kwenye BCG, hivyo seli T huitika bila TB. Chanjo ya uchangani huacha athari ndogo baada ya miaka 10 hivi. Ukitaka kutenganisha, kuna kipimo cha damu cha interferoni gama kinachotumia ESAT-6 na CFP-10. Jeni za protini hizo zilipotea kwenye BCG, kwa hiyo chanjo haikidanganyi. Upungufu wa CD4 bado unakisumbua.

Mzee_wa_Kliniki: Niongeze moja. Wafanyakazi wanaopimwa kila mwaka, mwanzoni wapimwe mara mbili, wiki 1 hadi 3 kati yake. Kumbukumbu ya zamani huwa imesinzia. Sindano ya kwanza inaiamsha, ya pili ndiyo inaitika. Usipofanya hivyo, mwakani utaiita maambukizi mapya.

Mwandishi: Kweli tupu, mzee wangu.

Dada_Nesi: Wakiwashwa sana?

Mwandishi: Kitambaa cha maji baridi juu yake.

Mzee_wa_Kliniki: Na kadi iandikwe mkono gani ulichomwa, na saa. Kipimo kikiwa mm 0, tundu la sindano limeshapotea, utabaki unapapasa mikono yote miwili.