Ukipasuliwa kizazi ukatoka na tatizo jipya, anza na faili lako na hesabu ya siku

Jamani dada zangu wa Tanga hili naliandika kwa ajili ya mdogo wangu. Alitolewa kizazi sababu ya uvimbe, siku ya tisa hivi mkojo ukaanza kumtoka wenyewe, akawa anajifungia ndani pale Makorora na kanga za kukunja, majirani tunawaambia ana malaria. Hospitali siitaji. Kilichoniuma zaidi alikaa mwaka na miezi bila kusema kwa mtu na huku siku zinakwenda, maana kesi ya madai ya uzembe ina miaka 3 tu, ikipita unaambiwa umechelewa hata kama una haki yote.

Kwanza tuwe wakweli, sio kila madhara ni kosa la daktari. Mirija ya kutoa mkojo kwenye figo inapita karibu kabisa na mishipa ya damu ya kizazi, hata daktari mzuri anaweza kuigusa. Mahakama inaangalia je daktari mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi ile angefanya vile? Na mara nyingi kosa lenyewe unalikuta baada ya operesheni, mama analalamika siku tatu tumbo limejaa, mkojo hautoki, anaambiwa ni kawaida vumilia. Hapo ndo pa kushika. Mengine yanajieleza yenyewe, kama gozi (kitambaa cha kufyonzea damu) kusahauliwa tumboni, au ulisaini kutolewa uvimbe tu ukaamka huna kizazi na hakukuwa na hatari ya maisha iliyowalazimu.

Sasa faili. Kabla hujagombana na mtu yeyote andika barua ya kuomba nakala ya fomu uliyosaini ya ridhaa, maelezo ya operesheni yenyewe (ndio muhimu kuliko yote), chati za manesi, vipimo na karatasi ya kuruhusiwa. Peleka barua nakala mbili, moja wagonge mhuri na tarehe urudi nayo nyumbani. Wakikuzungusha waambie kwa upole kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kuzipata taarifa zako. Na wewe chukua daftari uandike, lini ulianza kuvuja, ulimwambia nesi gani, zamu ya usiku au mchana, alikujibu nini, nani alikuwepo. Risiti zote weka, hadi za nauli na pedi.

Halafu katibiwe kwingine, usisubiri kesi. Fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo, hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanatibu bure, na daktari wa huko mwombe ripoti ya maandishi ya alichokikuta, maana mahakamani bila daktari mwingine wa kusema hili halikufanyika sawa, kesi inakuwa dhaifu sana.

Malalamiko ya daktari yanaenda Baraza la Madaktari Tanganyika, ya nesi au mkunga Baraza la Uuguzi na Ukunga. Wanaweza kumuonya, kumsimamisha, hata kumfuta kwenye rejista, ila hawakulipi wewe hata shilingi, na usikae kusubiri wamalize huku miaka 3 inaisha. Fidia ni mahakamani. Hospitali binafsi wakili anaandika barua ya madai kwanza kisha mnafungua. Ya serikali, iwe ya wilaya au ya mkoa, lazima notisi ya siku 90 kwa wahusika na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, naye anaunganishwa kwenye kesi, na inafunguliwa Mahakama Kuu, ambayo masjala yake ipo hapa hapa Tanga mjini. Hizo siku 90 zihesabu humo humo ndani ya miaka mitatu, yaani mwaka wa tatu ukianza we uwe umeshamaliza kuandika notisi. Polisi pia ipo, Kanuni ya Adhabu inagusa tiba ya uzembe, ila huko lazima ithibitike pasi na shaka yoyote, ni pagumu zaidi.

Hela ya wakili huna? Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, uliza ofisi ya ustawi wa jamii halmashauri wakuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria, waulize pia TAWLA, chama cha wanasheria wanawake. Vishoka wa nje ya mahakama waepuke, muulize mtu namba yake ya uwakili kabla hujampa karatasi zako.

Na siku wakikuita ofisini mezani na bahasha na karatasi ya kusaini kwamba yameisha, shukuru, chukua nakala, sema naenda kuisoma na wakili. Mdogo wangu aliitiwa laki tano. Hakusaini siku ile, alisema anamsubiri dada yake.