Fulana 40 za kijiwe: kuandaa nembo mpaka kuichapa kwa skrini

“Fundi, nembo hiyo hapo. Nataka fulana 40 nyeusi kabla ya Jumapili.”

Mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda alinitumia ujumbe huo WhatsApp, na chini yake picha: pikipiki ndani ya duara la njano, jina la kijiwe kwa nyeupe, namba ya simu chini kabisa. Picha ilikuwa na upana wa pikseli 640. Kwenye simu inang'aa. Ukiitandaza kifuani kwa sentimita 28, unabaki na pikseli 58 kwa kila inchi, na kingo za herufi zinatoka na meno kama msumeno.

Nitaifuata kazi hiyohiyo toka mwanzo. Sehemu kubwa ya mwongozo huu iko kwenye kompyuta, maana fulana nyingi mbovu ninazoziona zilishaharibika kabla kopo la wino halijafunguliwa.

Hatua ya 1: Maswali kabla ya kuchora

Muulize mteja rangi ya fulana, kitambaa, saizi na idadi ya kila saizi. Rangi ya fulana ndiyo inayoamua utahitaji skrini ngapi, yaani fremu zenye wavu ambao wino hupenya kwenda kwenye nguo. Tutaliona hilo mbele. Saizi nazo zinaamua upana wa mchoro, na mimi naupima kwa fulana ndogo kuliko zote kwenye oda. Sentimita 28 inakaa vizuri kwa S mpaka XXL ya watu wazima. Akichanganya na za watoto, hiyo ni skrini nyingine, na bei nyingine. Mwambie mapema.

Hatua ya 2: Tafuta faili zuri, ukikosa chora upya

Kwanza omba faili la asili. Mwambie alitume WhatsApp kama dokumenti, siyo kama picha, kwa sababu picha inabanwa njiani. Kwa mchoro wa pikseli, lenga pikseli 300 kwa inchi katika ukubwa utakaochapwa. Kwa sentimita 28 hiyo ni pikseli kama 3,300 kwa upana. Kumbuka kuwa kuchukua picha ya pikseli 640 na kuivuta ifike 3,300 hakusaidii chochote. Ukungu ni uleule, umekuwa mkubwa tu.

Mwenyekiti hakuwa na faili jingine. Nembo ilichorwa na kijana aliyeshahama na kompyuta yake. Basi nikaichora upya kwa vekta, yaani mistari isiyopata ukungu hata ukiikuza. Mimi natumia CorelDRAW. Kama huna, Inkscape ni ya bure na inatosha kabisa kwa kazi hizi. Weka picha chini, ifunge isisogee, chora juu yake. Programu hizi zina kitufe cha kufuatisha picha zenyewe, lakini kwa picha mbovu kitakupa duara lenye vidonda. Duara lichore kama duara. Herufi ziandike upya kwa fonti inayofanana nazo.

Ukimaliza maandishi, yabadilishe yawe michoro, yaani yasitegemee fonti tena. Ukipeleka faili kwenye kompyuta isiyo na fonti yako, inachagua nyingine yenyewe, wala haikuulizi.

Angalia pia vitu vyembamba. Unene wa mstari usipungue pointi 1 (kama theluthi moja ya milimita). Mstari ulio wazi ndani ya eneo lililojaa wino, kama spoku za gurudumu la pikipiki yetu, mimi naupa pointi 2, kwa sababu wino hutanuka na kuuziba. Namba ya simu ilikuwa na urefu wa milimita 3. Nikaipandisha mpaka 6.

Kisha mtumie mteja picha ya mwisho, na umwambie asome kila herufi na kila tarakimu, ajibu kwa maandishi kwamba ni sawa. “Poa” aliyoisema kwenye simu haitakusaidia siku namba itakapokuwa imekosewa.

Hatua ya 3: Tenganisha rangi

Kila rangi ina skrini yake, kwa hiyo kila rangi inataka filamu yake, yaani karatasi angavu iliyochapwa mchoro kwa weusi. Kwenye fulana nyeupe, kazi yetu ingekuwa na hesabu nyingine. Kwenye nyeusi, njano ikipigwa moja kwa moja hunyweka na kuwa kama haradali iliyochacha. Inahitaji nyeupe chini yake.

Skrini ya kwanza ikawa ya nyeupe: jina, namba, pamoja na umbo lote la duara litakalofunikwa na njano. Skrini ya pili ni njano peke yake. Hapo wengi wanaishia, halafu wanashangaa duara la njano lina uzi mweupe pembeni. Dawa yake ni kuipunguza nyeupe iliyo chini ya njano, iingie ndani kwa kama theluthi moja ya milimita kila upande. Njano inaizidi kidogo na kuifunika. Herufi nyeupe ziache kama zilivyo.

Weka alama za msalaba ndani ya duara dogo, juu na chini ya mchoro, mahali palepale kwenye filamu zote mbili. Hizo ndizo utakazolandanisha.

Sasa geuza kila kitu kiwe cheusi kabisa, hata njano. Filamu kazi yake ni kuzuia mwanga tu. Ukiichapa njano kwa njano, printa inakupa kijivu cha nukta nukta, na skrini inatoka na ukungu.

Picha ya mtu, kama zile fulana za msiba, inabidi ivunjwe kuwa nukta. Kwa kuanzia tumia mistari 45 kwa inchi, pembe ya nyuzi 22.5, na wavu wa 77T (uzi 77 kwa kila sentimita). Nembo ya rangi bapa kama hii haihitaji hayo.

Hatua ya 4: Filamu

Kwenye kila ukurasa nachora mstari wa sentimita 10 kamili pembeni. Nilijifunza kwa hasara. Kazi moja ya rangi mbili nilipeleka steshenari. Filamu ya kwanza ikachapwa kwa ukubwa wake, ya pili wakaacha kompyuta iipunguze ili itoshee kwenye karatasi. Ilipungua milimita 8 hivi katika sentimita 28. Sikupima. Nilichoma skrini zote mbili, yaani nilizipiga mwanga kupitia filamu, na nusu siku nilihangaika kulandanisha rangi ambazo zisingelandana mpaka kiama. Siku hizi rula inatoka mfukoni kabla pesa haijatoka.

Iinue filamu juani. Ukiona mwanga unapenya kwenye weusi, chapa nyingine uzibandike mbili pamoja. Usiigeuze maandishi kwenye kompyuta: yasomeke kawaida ukitazama upande wenye wino.

Hatua ya 5: Skrini

Kwa nyeupe juu ya nyeusi natumia wavu wa 43T, unaopitisha wino mwingi. Kwa njano 55T inatosha. Osha wavu kwa sabuni ya vyombo, uache ukauke. Paka emalshani, dawa inayoganda ikipigwa mwanga, iwe nyembamba pande zote mbili kwenye mwanga hafifu wa njano, laza fremu gizani, feni iikaushe.

Kuchoma nachoma kwa jua. Halikatiki kama umeme. Filamu ikae upande utakaogusa fulana, wino wake ukiigusa emalshani, kioo juu, sponji nyeusi ndani ya fremu. Muda unategemea emalshani na jua la siku hiyo, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye skrini moja: funika kwa kadibodi, isogeze kila baada ya sekunde 15, kisha osha. Sehemu iliyoteleza na kumomonyoka haikuiva, isiyofunguka imeungua. Katikati yake ndipo penye muda wako.

Hatua ya 6: Kuchapa

Mchoro uanze kama sentimita 8 chini ya kola. Skrini isilale juu ya fulana. Acha nafasi ya milimita 2 au 3, mimi naegesha sarafu kwenye pembe za fremu. Tandaza wino kwanza bila kukandamiza, kisha vuta skwiji (ubapa wa mpira wa kusukumia wino) ikiwa imeinama kidogo. Nyeupe ivute mara mbili. Ikaushe juu kwa hewa ya moto mpaka isinate kidoleni, ndipo uweke njano. Ukiiweka njano wakati nyeupe bado mbichi, skrini ya njano itaondoka na nyeupe yako.

Fulana mbili za kwanza chapa kwenye nguo za zamani. Alama za msalaba zikishakutana, ziba kwa utepe zisitokee kwenye fulana za mteja.

Hatua ya 7: Kuivisha

Wino wa plastisoli, yaani wino wa plastiki, haukauki kwa kuanikwa, hata ukae wiki. Unataka joto la nyuzi 160 mpaka ndani. Kwa hitipresi (mashine ya kukandamiza nguo kwa joto), weka karatasi ya kuokea juu na ukandamize kidogo. Ikishapoa, shika mchoro pande mbili uvute: ukipasuka kama tope lililokauka, rudisha kwenye joto. Moja ifue kabla hujafunga mzigo.

Filamu zitie kwenye bahasha, juu uandike namba ya wavu, aina ya wino na sekunde ulizochomea. Mwenyekiti alirudi baada ya wiki mbili. Kijiwe kimepata vijana watano wapya.